Mlango wa Mbele wa Hoteli ya Valcourt

Kwa miaka thelathini na mmoja mzee Ursin Glapion aliingia Hoteli ya Valcourt kwa kupita katikati ya mapipa ya taka. Suti yake ilikuwa imenyooka kuliko suti ya mgeni yeyote, klarineti iko kwapani, na paka wa jikoni walishamzoea kama mwenzao. Akishavuka masufuria na ngazi ya wafanyakazi alipanda jukwaani, akawapigia Wazungu jazi mpaka mabibi wakafuta machozi na mabwana wakaapa kwamba hakuna mji duniani kama New Orleans. Kisha alirudi kwa njia ileile, akawaaga paka, akaenda zake nyumbani mtaa wa Tremé. Mlango wa mbele, ule wa shaba wenye bawabu wa vifungo vya dhahabu, aliujua kwa upande wa ndani tu, kama unavyomjua jirani ambaye siku zote amekupa kisogo.

Aliyalea haya moyoni bila kusema, mpaka wiki aliyokufa. Ilikuwa Jumatatu, siku ya maharage mekundu, na mzee Ursin hakuwahi kukataa maharage tangu azaliwe. Siku hiyo akaisukuma sahani. Mjukuu wake, Alcée, akajua mambo yameharibika.

"Siku yangu ikifika," mzee akasema, "mnipitishe mlango wa mbele wa Valcourt. Na mpige muziki. Sitaki kupitishwa kimyakimya kama mali ya magendo."

"Utasikiaje, Babu, na wewe umeshakufa?"

"Wewe piga. Masikio niachie mimi."

Alcée akaahidi. Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Siku za kazi alipiga plasta, Jumamosi na Jumapili alipiga ngoma ndogo katika Bendi ya Mtaa wa Dumaine, na siku zote saba alipiga domo. Ahadi alizokuwa ametoa maishani zilikuwa nyingi, na zile alizotimiza ungeweza kuzitia kwenye mfuko wa shati. Lakini Alhamisi, babu alipofumba macho, Alcée akagundua kwamba hii moja haitoki kichwani. Imekaa pale kama mwiba wa samaki.

Sasa, kuna mtu mmoja wa kumjua kabla hatujakwenda mbali. Mzee Evariste Rochon, miaka sabini na miwili, mwembamba kama mwavuli uliofungwa, ndiye aliyekuwa kiongozi wa msafara katika kila mazishi yenye bendi. Yeye ndiye anayetangulia mbele, kofia kifuani, hatua moja, kituo, hatua moja, kituo. Na mzee Evariste alikuwa na sheria zake. Ya kwanza: mguu hauondoki chini mpaka ngoma iseme. Mwaka 1947 mvua ilipasua ngozi ya ngoma kubwa katikati ya njia, na ngoma ndogo nayo ikalowa ikawa kama mkate uliotiwa chai. Mzee Evariste akawasimamisha watu mia mbili kwenye mvua ileile kwa dakika arobaini, mpaka ngoma nyingine ikaletwa kwa feri kutoka Algiers, ng'ambo ya mto. Marehemu hakulalamika. Mjane alilalamika kwa niaba ya wote wawili.

Sheria ya pili ilikuwa ya kitambaa. Mkienda makaburini, ngoma ndogo hutiwa leso chini yake, kati ya ngozi na nyaya zinazoiliza, ili isilie bali ikohoe tu, kama mtu anayekohoa ndani ya blanketi. Mkishazika, leso hutolewa, kiongozi huvaa kofia yake kichwani, na hapo marehemu anakuwa ameachiwa aende zake. Muziki unafunguka, miavuli inafunguka, watu wanacheza mpaka nyumbani. Lakini ni baada ya kuzika, si dakika moja kabla. Kulikuwa na mpiga ngoma aliyewahi kuvuta leso kwenye lango la makaburi, kwa sababu eti aliona ni karibu na kaburi vya kutosha. Mzee Evariste alikaa miaka miwili bila kumpa mkono.

Ijumaa mchana mzee Evariste alirudi kutoka kituo cha polisi na kibali cha msafara. Akakiweka juu ya meza ya jikoni ya Bibi Clothilde, mjane, akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya kanisani: msafara wa marehemu Glapion unaruhusiwa kupita barabara iliyoombwa, siku ya Jumamosi. Ila jeneza likifika mbele ya mlango wa Hoteli ya Valcourt chombo chochote cha muziki kisilie, kwa sababu kutakuwa na wageni wa harusi.

"Basi tutapiga," Alcée akasema.

"Basi tutanyamaza," akasema mzee Evariste.

"Mzee, nilimwahidi Babu."

"Na mimi nimezika watu mia nne mji huu, na hakuna hata mmoja aliyezikwa kwa marungu. Kuna wanawake kwenye msafara huu. Kuna bibi yako. Karatasi ikisema kimya, ni kimya."

Alcée akamgeukia bibi yake apate mtetezi. Bibi Clothilde alikuwa anakata bamia, hata hakuinua kichwa.

"Wenzangu wako Barabara ya Canal," Alcée akasema, "wamekaa kwenye kaunta za Wazungu madukani wanaagiza kahawa, na wanachopewa ni kumwagiwa hiyo kahawa kichwani. Wanabebwa mikono na miguu kama magunia, kesho yake wanarudi. Sisi tunaambiwa mdomo tu, fungeni mdomo, na tunasema ndiyo bwana?"

"Umemaliza?"

"Bado."

"Kamalizie uani, kuku hawana kazi," mzee Evariste akamwambia. Akaikunja karatasi mara nne, akaitia mfuko wa ndani wa koti. "Ila unisikilize, kijana. Kesho macho yako yawe kwenye kofia yangu. Nikiishusha mpaka kwenye paja, unakata. Si pigo moja kabla, si pigo moja baada. Umenielewa?"

"Ndiyo, mzee," akasema Alcée, kwa ile sauti ya ndiyo ambayo ndani yake mna hapana mbili.

Maana alikuwa na mpango wake. Wangefika pale, kofia ingeshuka, bendi ingenyamaza kama ilivyoagizwa, halafu yeye peke yake angepiga. Wamkamate. Wamtoe meno kama wanayataka, meno si mengi sana ya kuyalilia. Babu angepitishwa na muziki, hata kama ni wa ngoma moja na dakika moja. Hakumwambia mtu.

Jumamosi kulikucha jua la Oktoba, lile lisilochoma. Alcée alichukua leso ya babu yake, nyeupe, yenye herufi zake pembeni, ile ambayo mzee alijifutia jasho usiku elfu ngapi jukwaani, akaipachika chini ya ngoma. Wakatoka kanisani. Mbele mzee Evariste, utepe mweusi begani, kofia kifuani. Nyuma yake bendi: tarumbeta mbili, tromboni, tuba, ngoma kubwa ya Octave Duvernay, mtu mkubwa kuliko ngoma yake, na ngoma ndogo ya Alcée. Nyuma ya bendi gari la maiti likitambaa. Nyuma ya gari Bibi Clothilde na jamaa, na nyuma yao Tremé nzima, pamoja na wale ambao hawakumjua marehemu lakini hawajawahi kukosa mazishi yenye bendi.

Hatua moja, kituo. Hatua moja, kituo. Tarumbeta zililia chini kwa chini. Ngoma ya Alcée ilikohoa. Walipovuka Mtaa wa Rampart barabara ilibadilika rangi, kwa maana ya watu: nyuso kwenye baraza zikawa nyeupe, zikiwa na ile sura ya mtu anayetazama mvua akiwa ndani. Alcée hakuzitazama. Alitazama kofia.

Hoteli ilionekana. Mbele ya mlango wa shaba alisimama sajini Haskell, mnene, shingo nyekundu, mikono kiunoni, na askari wawili pembeni. Karibu nao Numa Lavigne, bawabu, Mweusi kama watu wa msafara, ndani ya koti lenye vifungo vya dhahabu. Miaka kumi na minane Numa aliwafungulia watu mlango ule, na hakuna hata mmoja kati yao aliyefanana naye.

Sajini akainua mkono: nyamazeni. Mzee Evariste akaendelea. Hatua, kituo. Sajini akainua mkono wa pili. Mzee Evariste aliuona kama mtu anavyomwona nzi kwenye harusi ya jirani. Hatua, kituo. Hatua, kituo. Bendi ikaupita mlango, na gari la maiti, jeusi, linalong'aa kama kiatu cha Pasaka, likaja likafika sawasawa mbele ya ngazi za mlango wa mbele wa Valcourt.

Kofia ikashuka mpaka kwenye paja.

Alcée akakata. Wote wakakata. Akavuta pumzi, akainua vijiti, tayari kwa utundu wake wa peke yake. Na hapo ndipo alipoona kwamba kuna jambo. Mguu wa kushoto wa mzee Evariste ulikuwa umekaa chini, na wa kulia umekaa chini, na mzee amesimama kama mnara wa posta. Octave amesimama. Gari limesimama, dereva amezima injini na anafungua gazeti. Nyuma, watu mia tatu wamesimama. Hakuna aliyeuliza kuna nini.

Vijiti vya Alcée vikabaki hewani. Akavishusha polepole. Kicheko kilimpanda kooni, akakimeza.

"Haya, piteni," sajini akasema.

Hakuna aliyepita.

"Wewe mzee. Nimesema tembea."

"Tungependa sana, afande," akasema mzee Evariste kwa heshima zote. "Hakuna ngoma."

"Ngoma ya nini? Tembea kwa miguu."

"Ndiyo hiyo miguu yenyewe, afande. Ya msiba haiondoki bila ngoma. Na ngoma umeikataza. Nina karatasi." Akaitoa mfukoni, akaikunjua mara nne, akampa. "Hatulaumu. Tunafuata kibali."

Sajini aliisoma karatasi mbele, akaigeuza nyuma, kama vile huko kungekuwa na maelezo zaidi.

"Watu wazima hawa wote hawawezi kutembea bila mtu kuwapigia dumdum?"

"Mwaka 1947," mzee Evariste akaanza, "mvua ilinyesha..."

"Sitaki kusikia ya mwaka 1947."

"Dakika arobaini, afande," Octave akamsaidia kutoka nyuma. "Na hapo tulikuwa na haraka."

Kwenye kona magari ya harusi yalianza kupiga honi. La kwanza lilikuwa na maua na utepe mweupe, na ndani yake bibi harusi ameshika shela isikunjike. Mbele yake, gari jeusi lenye jeneza. Sajini aliwatazama watu mia tatu akitafuta wa kumkamata, na ikawa taabu, kwa sababu kila mtu alikuwa anatii. Hakuna aliyeimba, hakuna aliyebishana, hakuna aliyekanyaga majani ya mtu. Walikuwa wamenyamaza mbele ya mlango wa Hoteli ya Valcourt, neno kwa neno kama ilivyoandikwa.

Meneja wa hoteli akatoka mbio, leso ya mezani bado imening'inia shingoni.

"Haskell, hiki ni nini? Bibi harusi yuko kwenye kona. Huyu ndani ya gari ni nani?"

Bibi Clothilde akasogea mbele. Alikuwa mfupi, na kofia yake nyeusi ilimfikia meneja kifuani, lakini meneja ndiye aliyerudi nyuma.

"Ni mfanyakazi wako," akasema. "Miaka thelathini na mmoja. Siku zote alikuja kwa nyuma. Leo amekuja kwa mbele."

Honi zikaongezeka. Juu, madirisha ya hoteli yalijaa vichwa.

"Waache wapige, basi, waondoke," meneja akamwambia sajini kwa sauti ya chini.

Sajini akamgeukia Alcée. "Wewe boi. Piga."

Alcée alikuwa ameyangoja maneno hayo bila kujua kwamba ameyangoja. "Naogopa, afande," akasema, uso mnyoofu kama ukuta alioupiga plasta mwenyewe. "Kibali kinakataza. Nitaingia matatani na polisi."

Nyuma mtu alicheka, akajifanya amekohoa.

"Polisi ni mimi. Nimesema piga."

"Basi uandike, afande," akasema mzee Evariste, na tayari alikuwa ameshatoa kalamu ya risasi nyuma ya sikio. "Hapo chini. Muziki unaruhusiwa. Na jina lako. Sisi watu wa karatasi."

Sajini Haskell akaandika, karatasi ameiegemeza kwenye boneti ya gari la maiti, shingo imekuwa rangi ya bitiruti. Mzee Evariste akavaa miwani. Akasoma mstari wote. Akaurudia. Akamwomba sajini aweke na tarehe.

Halafu akageuka, kofia kifuani, akamtazama Alcée, na macho yake yakasema jambo lililokuwa wazi kabisa: mdundo wa msiba, polepole, twende makaburini.

Na hapo ndipo Alcée alipoiona ahadi yake yote kwa mara moja. Babu alikuwa mlangoni. Baada ya hatua tano hatakuwa mlangoni tena, na ngoma iliyokuwa inampitisha ilikuwa inakohoa ndani ya blanketi. Ile miaka yote thelathini na mmoja, na yeye amkoholee hapa? Akaingiza vidole chini ya ngoma. Akaishika leso.

"Usithubutu," mzee Evariste akasema, midomo haikutikisika.

Alcée akavuta.

Leso ikatoka. Akapiga mara moja tu, kujaribu, na nyaya zikalia juu ya ngozi kama bati linalopasuliwa. Mtaa mzima ulisikia. Octave aliinua nyundo yake ya ngoma akaiacha hewani, kwa sababu na yeye alimwogopa mzee. Wote wakatazama kofia. Mzee Evariste aliitazama ngoma, akalitazama jeneza, akautazama mlango wa shaba. Miaka hamsini hajawahi kumwachia marehemu kabla ya kaburi. Taya lake lilitafuna kitu kisichokuwepo.

"Mlango wa mbele," akasema polepole, kana kwamba anasoma kibali kingine. Kisha akaivaa kofia.

Lo, jamani. Octave aliishusha nyundo na vioo vya Valcourt vikatetemeka kwenye fremu. Tarumbeta zikaruka juu kama kuku aliyekanyagwa mkia, tromboni ikazijibu matusi, na miavuli mia moja ikafunguka mahali ambapo hapakuwa na mvua. Wenye umri wa miaka themanini walikunja magoti. Bibi Clothilde aliichukua leso mkononi mwa mjukuu wake, akaizungusha juu ya kichwa chake, na viatu vyake vya msiba vikaanza kusema mambo ambayo hayakuwa ya msiba.

Numa Lavigne, bawabu, aliisikiliza ngoma mpaka mstari wa kwanza wa wimbo ukaisha. Halafu akafanya kazi yake. Akaushika mlango wa shaba, bawa la kwanza, bawa la pili, akaufungua wote mpaka ukagonga ukuta. Jazi ikaingia na viatu vyake, ikavuka zulia jekundu, haikuuliza mtu. Na kutoka ndani wakaja wapishi, waosha vyombo, wanawake wa kufulia mashuka, aproni mbichi bado, wakipita ukumbini katikati ya wageni waliopigwa na butwaa, wakatokea mlango wa mbele mmoja baada ya mwingine, wakasimama kwenye ngazi na kupiga makofi kwa mdundo.

"Numa," meneja akasema, "funga."

Numa akavua koti lenye vifungo vya dhahabu, akalitundika kwenye kitasa, akashuka ngazi. "Funga mwenyewe," akasema, akaingia chini ya mwavuli wa mtu.

Sajini Haskell sasa alikuwa ameipata sababu ya kumkamata mtu, au aliona hahitaji. Huu si muziki wa msiba, alipaza sauti, hii ni fujo. Askari wawili wakamdaka Alcée, mmoja kila kwapa, ngoma yake ikiwa bado inaning'inia shingoni, wakamsukuma ndani ya karandinga lililokuwa pembeni. Mmoja alimpiga rungu la begani ili asiende bure. Mlango wa chuma ukafungwa.

Ndani kulikuwa giza na harufu ya viatu. Alcée aliketi, bega linawaka moto, akawaza: sawa, nimetimiza, wacha wanipeleke. Kisha akasikiliza.

Nje, kimya.

Tarumbeta zilikuwa zimekata. Octave alikuwa amekwisha kuitia nyundo yake kwapani na kukaa kwenye ukingo wa barabara, na ukingo ukalalamika. Dereva wa gari la maiti alifungua tena gazeti lake, ukurasa wa michezo. Alcée akasikia sauti ya mzee Evariste, yenye heshima, isiyo na haraka.

"Afande. Naona umeichukua ngoma."

Honi za harusi zilipiga kwa pamoja. Meneja alisema neno ambalo haliandikwi. Muda ukapita wa kutosha mtu kumenya chungwa. Mlango wa chuma ukafunguliwa, na jua likamwingia Alcée machoni.

"Toka," akasema sajini. "Toka, uniondokee."

"Afande, na ile karatasi bado..." Alcée akaanza.

"Toka."

Akashuka, akajipanga mahali pake. Mzee Evariste alimsogelea akamnyoosha mkanda wa ngoma begani, lile bega la rungu, na hakumwonea huruma.

"Umevunja utaratibu wa miaka hamsini," akanong'ona.

"Mbona hamkuniambia kama mtasimama?"

"Tukuambie wewe? Bibi yako alikataa. Alisema ungeliambia hata jiko."

"Utanifukuza kwenye bendi?"

"Jumatatu. Leo una kazi."

Mzee akageuka, akarudi mbele. Alipofika hapo akagusa ukingo wa kofia yake, ambayo ilikuwa bado kichwani na ilibaki kichwani mpaka makaburini. Miguu mia sita ilikuwa chini, inangoja. Alcée aliutazama mlango wa shaba, ambao hakuna aliyekumbuka kuufunga kwa kuwa aliyekuwa na kazi hiyo alikuwa mstari wa tatu, chini ya mwavuli wa manjano. Akainua vijiti.

Babu, masikio nimekuachia.

Akapiga, na watu wakatembea.